Kisima Kisichoonekana Ramanini: Maarifa ya Wenyeji Mbele ya Wenye Kuamua

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Siwakosoi wahenga, ila nathubutu kudai katika makala haya kwamba wapo wenye macho ambao ni sharti waambiwe watazame, tena waonyeshwe pa kutazama. Hao ni wale walioshika kalamu ya kuamua hatima ya misitu, mito, malisho na bahari zetu.

Likizo iliyopita nilihudhuria baraza nyumbani kwetu. Lililojadiliwa ni mradi wa barabara. Wataalamu waliokuja walikuwa wametundika ramani kubwa ukutani mwa darasa, ramani yenye rangi za kupendeza na maandishi ya Kiingereza, nao wakaieleza kwa muda wa saa nzima. Walipomaliza, ajuza mmoja aliinuka, akajikongoja hadi mbele, akaikodolea macho ramani ile, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kisima chetu kiko wapi hapa?" Kijana mtaalamu aliangalia, akajibu kwa adabu, "Nyanya, kwa skeli hii hakionekani." Ajuza akarudi kuketi, na baraza likaendelea. Kisima hicho hakikauki hata kiangazi kikiwa kikali vipi, nasi sote tuliomo darasani mle tulikuwa tumelelewa kwa maji yake.

Tangu siku hiyo neno lile "hakionekani" halijanitoka akilini. Kijana yule hakusema uongo, wala hakukosa heshima. Hata hivyo, katika ofisi ambamo maamuzi hukatwa, kisichoonekana ramanini huhesabiwa kuwa hakipo. Swali la nyanya yule basi halikuwa la kisima pekee. Lilikuwa swali la jinsi maarifa ya wenyeji yanavyoweza kuyafikia macho ya wenye kuamua, na ya nani anayepaswa kuyafikisha.

Maarifa asilia kwa kawaida hayaandikwi. Husimuliwa, huimbwa, hufundishwa kwa kutembea, na mengi yake yamo ndani ya majina ya mahali. Wenye kuamua, kwa upande wao, husoma ramani, majedwali na michoro. Baina ya pande hizi mbili pana bonde, na kwa muda mrefu waliobaki ng'ambo ya pili ni wenyeji. Msimamo wangu ni kwamba picha yaweza kuwa daraja la kulivuka bonde hilo. Lakini daraja lenyewe husimama juu ya maneno, yaani majina na ufunguo wa ramani, na maneno hayo yasipobaki mikononi mwa wenye maarifa, daraja huwapitisha wengine na kuwaacha wao walipokuwa.

Tuuchukue Msitu wa Mau uwe mfano wetu wa kwanza. Katika ramani nyingi za nchi hii, Mau ni baka moja la kijani. Rangi hiyo yatuambia kwamba pale pana miti, na kwamba miti hiyo ni mali ya serikali. Haituambii kwamba ndani ya kijani hicho wameishi Waogiek, watu wa uwindaji na asali. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoundwa mwaka 1932 chini ya uenyekiti wa Sir Morris Carter iliwaita "Wadorobo", jina la kubandikwa litokanalo na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, ikapendekeza waondolewe misituni na kuhamishiwa katika maeneo ya makabila jirani. Nadhani pendekezo la namna hiyo huandikika kwa wepesi pale ambapo ramani iliyo mezani haina jina hata moja la mwenyeji. Ni vigumu kumhamisha mtu kutoka mahali palipoandikwa jina lake, na ni rahisi mno kumhamisha kutoka katika rangi.

Ajabu ni kwamba kijani hicho hicho hakikuulinda msitu wenyewe. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka katika ardhi ya msitu. Rangi haina mdomo wa kujitetea.

Mwaka 2006, huko Nessuit, Nakuru, Waogiek walijibu kwa picha yao wenyewe. Wakisaidiwa na shirika la ERMIS Africa pamoja na kituo cha CTA, walijenga kielelezo cha Mau Mashariki kwa mikono yao. Watu wapatao 120 kutoka koo 21 walishiriki. Mbinu yenyewe si ya kichawi. Mistari ya kontua hunakiliwa kutoka katika ramani ya kawaida, kadibodi hukatwa kwa kuifuata mistari hiyo, kisha tabaka hubandikwa juu ya tabaka hadi vilima vikainuka na mabonde yakazama. Hapo ndipo wazee huitwa. Kwa pini, nyuzi na rangi, wao huonyesha mito, mapango, njia, mipaka ya koo na mahali pa mizinga. Skeli iliyotumiwa Nessuit ilikuwa 1:10,000, maana yake sentimita moja ya kielelezo ilisimama badala ya mita mia moja za ardhi. Eneo la kilomita mraba 576 likatosha kuwekwa juu ya takribani mita mraba sita, nao wazee wakaizunguka nchi yao wakiwa wamesimama. Waliionyesha kama walivyoikumbuka na kusimuliwa kuwa ilivyokuwa miaka ya 1920, kabla ya mashamba na misumeno.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini kielelezo chenye milima badala ya ramani bapa? Jibu limo katika maarifa yenyewe. Mwogiek huufahamu msitu kwa ngazi. Nyuki hufuata maua, na maua hufuata msimu na kimo cha mlima, hivyo mwenye mizinga hupanda na kushuka pamoja nayo. Ardhi ya ukoo aghalabu hukatiza ngazi kadhaa, kuanzia chini hadi juu, ili ukoo usikose asali maua ya ngazi moja yanapokwisha. Katika ramani bapa, ardhi ya namna hiyo huonekana kama utepe uliochorwa bila sababu. Katika kielelezo chenye mwinuko, sababu yake huonekana papo hapo, hata kwa afisa ambaye hajawahi kuonja asali ya Mau. Hapa picha haikupamba maarifa. Iliyabeba kwa umbo lake halisi. Hili ni funzo la kwanza: umbo la picha na lifuate umbo la maarifa, si mazoea ya ofisi.

Je, picha hiyo ilifaa nini? Ningependa kuwa mkweli mbele ya msomaji. Mnamo Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na kwamba kuuhifadhi msitu hakungeweza kuwa sababu halali ya kuwafukuza, kwa kuwa si wao walioharibu Mau. Mnamo Juni 23, 2022, mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhila waliyoyapata, tena ardhi ya mababu zao ipimwe, iwekwe mipaka na watolewe hatimiliki ya pamoja. Sidai kwamba kadibodi za Nessuit ndizo zilizoshinda kesi hiyo. Isitoshe, mnamo Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa tena nyumba zao huko Sasimwani, Narok. Picha haimlazimishi mtu kutenda haki. Ifanyacho ni kumnyang'anya kisingizio cha kusema kwamba hakujua.

Aidha, tutafakari neno lile la mahakama: ardhi ipimwe na iwekwe mipaka. Kupima na kuweka mipaka ni kuchora ramani. Kwa hiyo swali la nani atachora, na kwa majina ya nani, si la historia. Ni swali la leo, na kwa familia za Sasimwani ni swali la pa kulala.

Mbali na kimo, kuna jambo jingine ambalo ramani ya kawaida hulisahau, nalo ni wakati. Twende Isiolo, ambako rangi si ya kijani bali ya kahawia. Katika mwongo wa 2010, wafugaji wa Kiborana waliketi mbele ya picha za setilaiti zilizoakisiwa ukutani, wakataja mahali kwa mahali na kuonyesha matumizi yake. Mgeni aliona kahawia tupu. Wazee waliona malisho ya mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba ambayo hayaguswi hadi ukame ubishe hodi. Mpangilio huo husimamiwa na dedha, baraza la wazee wa malisho. Sasa mfikirie mkaguzi afikaye katika malisho ya akiba mwaka wa mvua njema. Hataona ng'ombe wala mtu, naye ataandika kwamba ardhi haitumiki. Kumbe haina mtu kwa sababu imetunzwa! Utupu aliouona ndiyo kazi ya dedha yenyewe.

Hali ni hiyo hiyo katika buluu ya bahari. Mvuvi wa Lamu huijua bahari kwa pepo na kwa mwezi. Kaskazi ivumapo, bahari hutulia naye huweza kuliendea tumbi la mbali. Kusi ikaja na mawimbi yake, hurudi kuvua ndani ya miamba na mikondoni. Maji ya bamvua si maji mafu, na mahali pafaapo wakati wa haya hapafai wakati wa yale. Chombo cha upimaji kikipita mwezi wa Julai na kuikuta sehemu fulani haina dau wala ngalawa, mchoro utaonyesha bahari tupu, ilhali Januari pangejaa matanga. Picha ya siku moja ni ushahidi wa siku moja. Kwa maarifa ya aina hii, kinachohitajika ni kalenda ya duara yenye pepo, miezi, samaki na mahali, ikae kando ya ramani na kusomwa pamoja nayo. Wavuvi wanaweza kuichora mchangani kwa kijiti, kisha ikahamishiwa karatasini.

Wapo watakaoniambia kwamba nazungumzia maneno mno ilhali mada ni picha. Hao hupenda kuurudia usemi wa kigeni kwamba picha moja yatosha badala ya maneno elfu. Siukubali. Ramani isiyo na ufunguo ni pambo la ukutani. Pini nyekundu yaweza kuwa mzinga, kaburi au kituo cha polisi; ufunguo ndio uamuao. Anayeuandika ufunguo ndiye anayeamua ni vitu gani vipo duniani. Ufunguo uliotayarishwa ofisini utakuwa na alama ya "msitu", "pori" na "ardhi isiyotumika", nao wenyeji watalazimika kuyaingiza maarifa yao katika visanduku hivyo vitatu, kama mtu ashurutishwaye kuvaa kiatu cha mtoto. Lakini ufunguo ukitungwa na wazee wakibishana wao kwa wao kuhusu kipi kistahili alama yake, ubishi huo wenyewe ni sehemu ya elimu, na picha itakayotokea itasema wanachokimaanisha wao.

Hapa ndipo sisi wana Kiswahili tunapoguswa moja kwa moja. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zilitaka matangazo ya miradi yasomwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Hilo ni jema. Lakini tazama matokeo yake: sikio la mwananchi lilipewa lugha yake, jicho lake likaachiwa ramani na ripoti za Kiingereza. Mwananchi husikia kwamba mradi unakuja, ila haoni unapita wapi. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu hicho hicho cha 7 imeliagiza taifa likuze lugha za wenyeji. Kifungu cha 69 kimeagiza serikali iyalinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bayoanuwai na ihimize umma ushiriki katika kusimamia mazingira. Ushiriki gani huo iwapo mshiriki hawezi kuisoma karatasi iliyo mbele yake?

Hata hivyo, tusijipendelee. Kiswahili nacho chaweza kumeza. Tukilichukua jina la Kiogiek la kijito na kuandika "kijito" tu, tutakuwa tumefanya kwa Kiswahili kosa lile lile lililofanywa kwa Kiingereza. Huenda jina hilo lasema maji yake ni ya chumvi, au kwamba nyuki huyapenda, au kwamba ukoo fulani uliapa pale. Jina la mwenyeji na libaki kama alivyolitamka, na Kiswahili kiwe mkalimani kando yake, si mrithi wake.

Kuna tahadhari nyingine. Si kila kijulikanacho chapaswa kuonekana. Ramani imwonyeshayo waziri mahali pa mizinga humwonyesha mwizi pia. Wenzetu wa Pwani wanaufahamu uchungu huu. Vigango vya Wamijikenda, vilivyosimikwa kuwakumbuka waliofariki, viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa ng'ambo, na mwaka 2007 vilipokewa viwili tu vilivyorejeshwa kutoka Marekani. Kaya zao takatifu ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na heshima hiyo tunaifurahia, lakini kuheshimiwa kwa kaya hakumpi mgeni ruhusa ya kujua kila kilicho ndani yake. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imetambua kwamba maarifa ya jamii yana wenyewe. Basi jamii iwe na haki ya kuliacha doa wazi katika ramani yake na kusema: hapa pana jambo, nanyi hamhitaji kujua ni lipi. Mwenye kuamua aliye mwungwana ataliheshimu doa hilo. Ukimya wa mwenye nyumba hauko sawa na kukosa la kusema.

Kutokana na hayo yote, napendekeza mambo matatu kwa wenye mamlaka. Kwanza, ramani yoyote itumiwayo kuamua juu ya ardhi ya jamii iwe na ufunguo uliotungwa pamoja na jamii hiyo, kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Pili, picha isisafiri peke yake. Kielelezo kikipelekwa ofisini bila mzee wa kukisemea huwa sanamu. Afadhali afisa asafiri kukifuata kilipo, aketi, aulize, na ajibiwe na waliokijenga. Tatu, nakala ya mwisho ibaki kwa wenyeji, kwani si haki mtu atoe maarifa yake asubuhi kisha jioni ayaombe kwa barua.

Nanyi wanachama wenzangu, msidhani kazi hii ni ya wanajiografia peke yao. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakipewi nafasi katika sayansi na utawala. Nafasi ndiyo hii. Nani atazifanyia kazi istilahi za ufunguo wa ramani, ili mzee wa Isiolo na afisa wa Nairobi wakitaja malisho ya akiba wawe wanataja kitu kimoja? Nani atautafsiri muhtasari wa ripoti ya mazingira kwa Kiswahili kisomekacho, si kile cha kumfukuza msomaji? Nani atayakusanya majina ya mito na vilima vya kwao, kwa idhini ya wenyewe, kabla wazee hawajatutoka? Tunayo mafunzo ya fonetiki, ya semantiki na ya tafsiri. Yasipofaa hapo, sijui yatafaa wapi.

Kwa upande wangu, likizo ijayo nitamwendea nyanya yule na karatasi kubwa na penseli. Sitamchorea. Nitamwomba aanzie kisimani, kisha atoke hapo kuelekea kila upande anaoujua, nami niandike majina anavyoyatamka. Mradi ule wa barabara haujaanza, na mkutano wa pili umeahidiwa. Nataka siku hiyo ramani mbili zitundikwe ukutani, na yeye awe amesimama kando ya ile ya kwake.